Nyonga ya Bi Mwanahawa

Niliondoka kwenye maabara yetu ya Msasani kwa sababu Bi Mwanahawa wa Mtoni alitaka arudishiwe kipande cha nyonga alichokatwa hospitali, akizike kama ilivyo desturi ya kwao. Na mimi ndiye niliyekisaga. Ninyi ndugu zangu mlioko Njombe mtashangaa, kwa hiyo niwaeleze. Kalsiamu ya mfupa ina chembe nyepesi na nzito, na uwiano wake unaweza kuonyesha mfupa unaoliwa na ugonjwa kabla haujavunjika. Lakini mashine ya kuupima uwiano huo haiaminiki mpaka ipewe kwanza unga unaojulikana, wa kulinganishia. Unga huo tuliutengeneza kwa kuchanganya mifupa ya wagonjwa kadhaa, tukaugawa kwenye chupa nyingi. Hospitali iliruhusu, wenyewe hatukuwauliza.

Saa tatu asubuhi mimi na dereva tulikuwa Barabara ya Kilwa na pikapu ya mradi wa utafiti. Siku zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kibanda kiliuza kitu cha Dubai, na redio zilishindana kupiga kelele. Chupa ya unga nilikuwa nimeipakata. Tulipokaribia Mtoni nyonga ikaanza kuniuma, nikalaumu kiti.

Bi Mwanahawa alikuwa barazani na mkongojo wake. Uani, kishimo kilikwisha chimbwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona umekuja na watu?"

Nilikuwa peke yangu. Dereva alibaki barabarani.

"Siku hizi nikitembea nasikia nyayo zisizo zangu," akasema. "Mmoja anaburuta mguu."

Mfupa mmoja katika unga ule ulikuwa wa mtu aliyepooza upande, na jambo hilo lilikuwa ndani ya daftari langu tu. Nikamweleza ukweli wote.

"Basi nitolee wangu."

"Hautengeki, Bibi. Popote utakapochota, mmo wote."

"Na chupa nyingine?"

"Zimeshapelekwa maabara za Ulaya."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

"Kwa hiyo hata nikifa, mie sitazikwa nikaisha."

Akaivingirisha chupa kwenye bafta nyeupe ya sanda, akainama kwa shida kuiweka kishimoni. "Jamani, mie sikuwaita," aliwaambia waliokuwa ndani. "Lakini laleni."

Saa nane nilikuwa nimerudi Msasani. Nilichojifunza ni kwamba mfupa ukishatoka mwilini bado una mwenyewe, na ndiye wa kuulizwa kwanza. Kesho yake niliziandikia maabara zote za ng'ambo, nikiziomba zirudishe chupa.

Zilijibu kwa heshima kwamba unga ni mzuri sana, zikaomba chupa nyingine. Bi Mwanahawa sijamwambia.