Tulivyoandika kwa Mkono wa Kushoto

Kila Jumamosi saa saba mchana, nyuma ya kiwanda cha makadamia huko Thika, wanawake wazima watano tulikuwa tukikaa juu ya magunia matupu na kuandika herufi kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ungetuchoma. Mwandiko wa mtu mzima unajulikana hata ukijificha, lakini ukishika penseli na mkono usioizoea, mistari inatetemeka yenyewe, tumbo la herufi linavimba upande mmoja, na mwalimu akiangalia anaona mtoto wa miaka mitano aliyejitahidi.

Mbinu hiyo ililetwa na mama mmoja kutoka upande wa Magharibi, aliyekaa pale kiwandani kutushinda sisi wote. Alikuwa na watoto wanne na alikuwa amewaandikia wote wanne homuweki ya PP2, ile chekechea ya mwisho, a mpaka z.

"Mimi nimerudia PP2 mara nne," alikuwa akisema huku akilamba ncha ya penseli. "Wakinipa mtihani leo, napita na stika."

Kisha ananigeukia mimi. "Wewe mama wa Ruiru, hiyo yako imekuwa nzuri sana. Haribu kidogo. Hiyo o ni ya sekretari."

Tunacheka. Nilicheka kuliko wote, na hapo ndipo ninapoanza kujikasirikia, kwa sababu nikikumbuka sasa, nilikuwa na raha. Ile nusu saa ya herufi ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote katika wiki yangu.

Mambo yalikuwa hivi. Ijumaa mtoto wangu analeta daftari nyumbani Gatongora, huko Ruiru. Mwalimu ameandika herufi kwa nukta mwanzoni mwa kila mstari, na kazi ya mtoto ni kupitisha penseli juu ya nukta, halafu airudie mwenyewe mpaka mwisho wa mstari. Kurasa mbili kila wikendi. Kurasa mbili, na mtoto bado analala mchana! Waliopanga hivyo sijui kama wamewahi kukaa na mtoto wa miaka mitano hata kwa dakika kumi. Anaandika k tatu, anataka kwenda haja. Anaandika moja, risasi ya penseli inavunjika. Anaandika nyingine, anaichorea masikio na kuniambia ni mbuzi.

Kuna Ijumaa moja nilijaribu. Nilikuwa nimetoka kazini, miguu imevimba, sufuria iko jikoni, na baba yake yuko Kamenu na maisha yake mengine, tumwache huko huko. Alipochora mbuzi wa pili nilimshika ngumi yake yote ndani ya yangu, nikaikandamiza juu ya penseli, nikaiburuta kwenye nukta mpaka karatasi ikararuka. Hakupiga kelele. Machozi yalishuka tu na akawa anayapangusa na bega, kwa sababu mkono nilikuwa nimeushika mimi.

Wiki iliyofuata nikaweka daftari kwenye mkoba pamoja na chakula changu cha mchana.

Ningependa kusema nilifanya hivyo kumwokoa. Uongo. Mimi nilimaliza sekondari na D ya kujikongoja, na katika miaka yote ile kitu kimoja tu nilichowahi kusifiwa ni mwandiko. Kwa hiyo daftari liliporudi na nyota ya dhahabu, na mwalimu akapiga picha ukurasa wangu na kuutuma kwenye grupu la wazazi, akaandika, "Hongera mama, mtoto anaendelea vizuri sana," moyo wangu ulipaa. Nikamjibu kwa viganja viwili vya maombi na maneno haya: "Ni Mungu tu." Nilimwingiza mpaka Mungu.

Mtoto naye hakuwa mjinga. Mara ya kwanza alipofungua daftari Jumamosi jioni akakuta limejaa, aliniuliza, "Mami, nani ameandika?"

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Ukiulizwa na ticha, ni wewe. Sawa?"

"Sawa." Akakiangalia kile kiganja chake, mbele na nyuma.

Nusu ya muhula ikaisha hivyo. Ikafika siku ya wazazi, Ijumaa, nikaomba ruhusa kazini, nikasuka nywele. Darasa lilijaa akina mama na baba wachache waliobanwa kwenye viti vya watoto, magoti masikioni. Mwalimu, msichana wa rika langu, akasema kwamba hatasoma ripoti, watoto wenyewe watatuonyesha. Akaanza kuwaita mmoja mmoja ubaoni. Wa kwanza aliandika m yenye miguu minne, tukapiga makofi. Wa pili aliandika s ikiangalia nyuma, tukapiga makofi vilevile. Halafu akamwita wangu.

"Huyu ndiye bingwa wetu wa homuweki," mwalimu alisema. "Tuandikie k."

Aliichukua chaki. Akachora mstari wa kusimama, mrefu, mzuri. Akasimama hapo. Akainua chaki, akaishusha, akainua tena. Sikujua mpaka dakika ile kwamba mtoto wangu alikuwa hajui miguu ya k inatokea wapi. Mimi mamake. Nilikuwa nimeandika k mamia na nilidhani nimemfundisha.

Nyuma yangu baba mmoja akanong'ona, "Bingwa amekwama," na watu wakacheka. Si kicheko kibaya. Lakini niligeuka nikamwangalia mpaka akashika simu yake.

"Nini mbaya?" mwalimu aliuliza taratibu.

"Mkono unauma, ticha."

"Unauma wapi?"

Akagusa kiwiko. Halafu akanitafuta kwa macho kati ya wazazi wote, akanipata.

Mwalimu naye akanigeukia. "Mama, ameumia?"

Nilikuwa na nafasi. Chumba chote kilinisubiri. Nikasema, "Eeh, alianguka jana."

"Pole," wazazi wakasema kwa pamoja. "Pole, mtoto." Mpaka yule baba akasema pole.

Tulitembea kwenda nyumbani. Mtoto aliukunja ule mkono kifuani, akaushikilia na mwingine, kama mtu aliyefungwa bendeji. Tulipita maduka, tukapita kwa muuza mahindi ambaye humpa punje, akapokea na mkono wa kushoto. Tukaingia ndani, mlango nikaufunga, bado ameukunja. Mama yangu, shosho yake, tunayeishi naye, alituwekea githeri, na mtoto akashika kijiko kwa kushoto, maharagwe yakimwagikia kwenye nguo.

"Haiya, tangu lini unakula na huo?" shosho akauliza.

"Mkono unauma."

Mama yangu akaleta mafuta, akamvutia karibu, akaanza kuukanda. Na mtoto wangu, ambaye haumwi mahali popote, akafumba macho na kusema, "Ayaa, pole pole, shosho." Kila alipoguswa kiwiko alishtuka. Alifanya kazi hiyo vizuri kuliko homuweki yoyote.

Nilipombeba kumwogesha nikamwambia kwa sauti ya chini, "Sasa unaweza kuacha. Tuko nyumbani."

"Na shosho akimwambia ticha?"

Nilimmwagia maji tu.

Jumatatu sikwenda kazini moja kwa moja. Nilimpeleka shuleni mwenyewe, nikasimama mlangoni mwa darasa kabla ya kengele, mtoto yuko pembeni yangu na kiwiko chake bado kimekunjwa, siku ya nne. Nikamwambia mwalimu, "Hakuanguka. Na zile herufi ni mimi."

Mwalimu hakushtuka hata kidogo. "Najua, mama. Najua tangu wiki ya pili."

"Ulijua?"

"Mtoto akiandika huinua penseli kila saa, na hukandamiza mpaka ukurasa wa pili. Wewe unaandika kama mtu anayeteleza."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. "Sasa ukijua, kwa nini ulimwita mbele ya watu akaaibike? Si ungeniita mimi?"

"Nilikutumia ujumbe mara tatu uje tuongee. Ulijibu uko kazini." Akashusha sauti. "Ijumaa nilikuuliza mbele ya watu kama ameumia. Nilidhani utasema. Nilikungojea."

Nilitaka kumtukana na tusi lilikuwa tayari. Mpaka leo naona hakuwa na haki ya kumtumia mtoto kuninasa mimi. Lakini ujumbe ulikuja mara tatu kweli, na kila mara niliuacha muda upite. Nikalimeza tusi.

Nikachuchumaa. "Mkono wako hauumi," nikamwambia mtoto. "Mimi ndiye nilidanganya. Nisamehe." Kwetu mtu mzima haombi mtoto msamaha, na maneno yalitoka kama mifupa ya samaki.

Alifikiria. "Ticha atakuchapa?"

"Hapana."

"Utasimama pale mbele?"

Sikuwa nimepanga hivyo. Niliangalia saa, nikamwangalia mwalimu, nikitumaini atasema haina haja. Alinifungulia mlango tu.

Basi nikasimama mbele ya ubao, watoto thelathini na kitu wakiniangalia na kamasi zao, nikasema kwamba herufi za huyu zote nilikuwa nikiandika mimi, yeye hakuwa na kosa. Niliongea nikiangalia sakafu, mimi niliyewahi kumkaripia supavaiza mbele ya zamu nzima.

Kijana mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Kwani wewe hukusoma PP2?"

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kitini. Wangu hakucheka. Alikuwa ameketi, na mikono yote miwili iko juu ya meza, imenyooka.

Mwalimu alimrudisha kwenye kundi la wanaoanza. Wanaandika mistari ya kusimama na ya kulala kwenye trei ya mchanga, kisha kwenye karatasi, na homuweki yake sasa ni mistari mitano tu. Kiwandani yule mama aliniuliza daftari liko wapi, nikamwambia liko na mwenyewe. "Umeokoka?" akanitania. Nilikula chakula changu nikiwa nimewapa mgongo, kwa sababu bado walikuwa wakiandika.

Ni wiki ya sita sasa. Ijumaa jioni mtoto anakaa sakafuni karibu na kitanda na daftari lake. Mimi naketi kitini, naacha sufuria iungue ikitaka. Akiandika huinama mpaka pua inagusa karatasi, na mkono wake wa kushoto ameuzungushia ukurasa wote kama ukuta, nisione. Nikisogeza kiti, penseli inasimama, ananingoja nirudi nyuma.

Ninarudi. Sijui ameandika nini.