Asidi ya Choo, Dawa ya Madoa na Mlango Uliofungwa

Asubuhi, kabla wenye ofisi hawajaingia, mama mmoja msafishaji amepiga magoti kwenye choo cha ghorofa ya tatu. Mlango ameuzuia kwa ndoo usijifunge. Anasugua, anakohoa, anapumua kidogo, anasugua tena. Ghorofa nzima yuko peke yake.

Zamani alikuwa anaufunga. Ndivyo walivyofundishwa kazini, kwamba wakubwa wasione ndoo wala wasisikie harufu. "Msafishaji mzuri haonekani," anasema, anacheka mpaka kifua kinamkatiza. "Basi na mimi nusura nisionekane kabisa."

Siku ya ajali alikuwa amejifungia, na doa lilikuwa sugu. Alimwaga dawa ya madoa, halikutoka. Akaongeza asidi ya choo juu yake ili dawa ipate nguvu. Wasafishaji wengi hufanya hivyo. Hata majumbani kwetu tunafanya, watoto wamesimama mlangoni wanatutazama. Jamani, tusichanganye! Ilitoka hewa kali ikamkaba koo, akaanguka. Aliyemkuta sakafuni ni mtu aliyewahi kazini, amebanwa na haja zake.

Alilazwa wiki tatu. Ndugu wa kumletea uji hakuwa naye. Ana binti mmoja tu, anasomea ualimu wa kemia mji wa mbali, na huongea naye kwa simu kila Jumapili. Alipotoka hospitali alimuuliza, "Mwanangu, hivi mle ndani nilipika nini?"

Binti akamwambia ashike kalamu. Kushoto aandike alivyomimina, katikati achore mshale, kulia aandike vilivyotokea. Akawa anamtajia herufi mojamoja.

"Sasa hesabu, Mama. Kulia, maji yana haidrojeni mbili. Kushoto unazo ngapi?"

"Moja, ya asidi."

"Ya pili imetoka wapi? Imedondoka darini?"

"Usinicheke, mwenzio niliishia darasa la saba."

"Sikucheki, Mama. Kitu hakizuki tu, wala hakipotei. Weka asidi mbili."

Akaweka, dawa ya madoa kwanza, asidi ikifuata:

NaOCl + 2HCl → NaCl + H₂O + Cl₂

Karatasi hiyo aliipeleka kwa msimamizi wake, kijana wa kumzaa, akaomba wawe wanasafisha wawili wawili.

Msimamizi alipoelezwa kila herufi alitania. "Chumvi ipo, maji yapo. Mama, si mchuzi huu?"

"Na hiyo ya mwisho ni klorini, baba. Ndiyo iliyonilaza."

Siku hiyohiyo kijana akaihamishia asidi kabati la peke yake, mbali na dawa ya madoa. Lakini ombi la mtu wa pili alilikataa. "Wawili chooni? Mama, hii ofisi, si harusi."

Bado anasafisha peke yake, na kifua chake hichohicho kibovu. Ombi lake amelipunguza. Hadai tena mwenzake wa zamu. Anachotaka ni mtu yeyote anayepita ukumbini asimame kidogo.

"Aniite tu, 'Mama, upo?'" anasema. "Na asiondoke kabla sijaitika."