Kuanza udereva wa fuso na miaka 48: kilichonikwamisha hakikuwa gia, ilikuwa shikamoo

Wakuu, habari za mchana. Niko Nansio, Ukerewe, nasubiri gari lipakiwe machungwa. Wapakiaji wameenda kula tangu saa sita na hakuna anayejua watarudi lini, kwa hiyo ngoja niwasimulie jambo lililonikera karibu miezi mitatu. Chumvi sijaongeza. Mahali nitakapoonekana mjinga, mjue ni kwamba nilikuwa mjinga kweli.

Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa na studio ya picha kule Nyamagana. Pasipoti, maharusi, watoto wa kipaimara. Ukutani nilikuwa na pazia lenye maporomoko ya maji ambayo hayapo popote duniani, na watu wengi wa mji ule wamewahi kusimama mbele yake wakiwa wadogo, wamevaa viatu vya kuazima.

Halafu kila mtu akapata simu yenye kamera. Hilo limepita, silii tena.

Nilipofunga studio nilijiuliza najua nini kingine. Nikakumbuka kwamba napenda barabara. Nikaenda chuo cha udereva, nikasoma leseni ya magari makubwa pamoja na vijana ambao picha zao za kipaimara nilipiga mimi.

Mke wangu alinitazama navaa buti za kazi, akasema, "Baba Tumaini, wenzako umri huu wanashuka kwenye malori, wewe ndiyo unapanda?"

Nikamwambia kila mtu na wakati wake.

"Haya. Mgongo huo usije ukaniletea mimi niukande."

Leseni nilipata. Kazi ndiyo sikupata. Ukienda na mvi wanakuuliza uzoefu, ukisema huna wanakutazama kana kwamba umetoka jela.

Aliyenikubali ni mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi, Ilemela, nitamwita Mama Sayi. Anapeleka saruji na mabati Ukerewe, gari linarudi na machungwa au dagaa. Sharti lake lilikuwa fupi.

"Fuso la pili linakuja. Miezi mitatu utakuwa utingo wa dereva wangu, Kulwa. Mwisho wake Kulwa akiniambia unaweza kuliingiza gari kivukoni, ufunguo ni wako. Akisema huwezi, tutaagana vizuri."

Kwa msiopajua: ukienda Ukerewe na lori unapita Magu, Bunda, mpaka Kisorya, na hapo barabara inaishia majini. Fuso lenye mzigo linaingia kivukoni kinyumenyume, ili ng'ambo litoke kwa kichwa. Watu wote wanashuka garini, na utingo pia. Dereva anabaki peke yake na vioo viwili vya pembeni, mteremko, mlango mwembamba wa chuma, na ziwa kulia na kushoto linamsubiri kwa utulivu kabisa.

Hapo ndipo ajira yangu ilipokuwa inaning'inia.

Sasa huyo Kulwa ana miaka ishirini na sita. Ni dereva hodari, analirudisha fuso nyuma kama mtu anayerudisha kiti mezani. Na ana malezi mazuri. Malezi hayo ndiyo nusura yaniue.

Siku ya kwanza asubuhi: "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Nikashika spana ya tairi. Akanipokonya kwa mikono miwili, kwa adabu, kama ananipokea mzigo. "Acha mzee, hiyo nitafanya mimi."

Nikataka kuingia chini ya gari kukagua. "Mzee, utachafuka."

Nikataka kupanda juu kufunga turubai. "Mzee, kuna jua."

Utingo gani anafunguliwa mlango na dereva wake? Polisi wa barabarani walikuwa wananiamkia mimi, halafu leseni wanamdai Kulwa, wakidhani mimi ndiye mwenye mzigo. Nansio wenye duka waliniletea kiti na soda baridi, huku dereva wangu akihangaika na mabati juani. Nilikunywa soda ile kwa uchungu. Tena ilikuwa baridi sana.

Kuendesha alinipa, lakini njia iliyonyooka tu. Nikikwangua gia anasema, "Gari lenyewe bovu, mzee." Gari halikuwa bovu. Nikilirudisha nyuma likaenda kombo, anacheka kwa upole: "Inatokea, mzee," halafu anashika usukani yeye.

Pale foleni ya Kisorya matingo wengine walikuwa wanatukanwa kutwa. "Wewe kichwa cha mbuzi, nimesema kata kushoto!" Na kijana anakata kushoto, na kesho hakosei tena. Wakuu, sikuwahi kufikiri katika maisha yangu nitamwonea wivu mtu anayeitwa kichwa cha mbuzi.

Miezi miwili na nusu ikaisha hivyo.

Asubuhi moja, Kisorya, tumepanga foleni, nikaamka na hasira iliyoiva. Kulwa alikuwa anakunywa chai kwa mama mmoja wa pale, katikati ya madereva wenzake. Kabla hajafungua mdomo nikasimama mbele yake, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo dereva."

Mama wa chai aliacha kumimina. Kulwa alirudi hatua mbili nyuma, kikombe mkononi.

Mtu mzima kumpa shikamoo kijana wa umri wa mwanawe si mzaha. Watu wanasikia laana ndani yake.

"Kulwa, usiitikie," dereva mmoja akasema. "Ukiitikia umekwisha."

"Mzee, nimekukosea nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Itikia. Kwenye gari hili wewe ndiye mkubwa."

"Siwezi, mzee."

"Mimi nimekuja kujifunza kazi. Mama Sayi akikuuliza kama naingiza gari kivukoni utamwambia nini? Kwamba naitikia vizuri?"

Akatazama chini. Akatazama ziwa. Mwisho akasema, "Mzee, alishaniuliza. Wiki iliyopita."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba hujaweza."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje, mzee?"

Nilikaa kwenye jiwe. Kijana aliona aibu kuniambia usoni kwamba nakosea, lakini kunikosesha kazi nikiwa sipo aliweza. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakusema uongo. Sikuwa nimeweza.

Mama wa chai ndiye aliyetuamua, naye hakuwa na huruma na yeyote. "Si mpangiane tu. Gari likizimwa, huyu baba na huyu mwana. Likiwashwa, huyu dereva na huyu utingo. Mmeniharibia biashara, chai imepoa."

Kulwa akampigia simu Mama Sayi palepale. Akajibiwa kuwa kuna dereva mwingine ameshapatikana na anaanza Jumatatu. Aliomba nafasi moja. Mama Sayi akasema atakuja mwenyewe Jumamosi, aone kwa macho yake.

Tulikuwa na siku nne. Tuliporudi ng'ambo ya Kisorya tukasimama kwenye uwanja mtupu, Kulwa akapanga mapipa mawili kuwa ndiyo mlango wa kivuko. Nikawasha gari.

"Samahani mzee, kidogo kulia, kama haitakusumbua."

Nikagonga pipa.

"Pole mzee. Tena kidogo kulia."

Nikagonga la pili.

Mara ya tatu kitu kikakatika ndani yake. "Wewe! Unatazama nini? Nimesema kata yote, mkia unaenda kushoto, huoni?"

Akaziba mdomo kwa kiganja. Nikatoa kichwa dirishani, nikamwambia, "Endelea."

Akaendelea. Wakuu, aliendelea. Karipio la miezi miwili na nusu lilikuwa limemkaa kifuani, na alilimwaga lote juani pale. Alisema naikanyaga klachi kama naponda dagaa. Alisema nashika usukani kama mtu aliyeshika mtoto wa jirani. Halafu akasema neno lililoniponya.

"Unakodolea kioo kimoja mpaka kikupendeze. Hupigi picha hapa! Hamisha macho, kulia, kushoto, kulia!"

Ilikuwa kweli. Miaka ishirini na miwili ya kufumba jicho moja na kusubiri sura ikae sawa. Nilikuwa nasubiri kioo cha kulia kitulie, huku upande wa kushoto ukienda shimoni. Kosa dogo hivyo, na adabu ilikuwa imelifunika tangu siku ya kwanza.

Jumamosi Mama Sayi akaja na mwavuli wake. Kisorya ilikuwa imejaa. Kila mtu aliyekuwa ufukweni, wauza samaki, bodaboda, mpaka abiria wa basi, ghafla akawa mwalimu wa udereva. Rudi, simama, kulia, kushoto, wote kwa pamoja. Nikafunga masikio, nikahamisha macho.

Katikati ya mteremko mkia ukapinda kidogo. Nikasimama. Mama Sayi akapaza sauti, "Inatosha mzee, usijisumbue. Kulwa, malizia wewe."

Na hapo, mbele ya bosi wake, Kulwa akafoka, "Mama, mwache! Wewe, ulichofundishwa ni nini? Songa mbele mita moja, unyooshe, rudi! Macho!"

Nikasonga, nikanyoosha, nikarudi. Chuma kikalia chini ya matairi ya nyuma, halafu ya mbele. Nikiwa ndani ya kivuko nikasikia Mama Sayi akiuliza, "Kulwa, ndivyo unavyozungumza na mtu mzima?"

"Gari bado linawaka, mama."

Nikazima injini. Kulwa akaja dirishani, jasho linamtoka kuliko mimi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Yule dereva wa Jumatatu hakuitwa. Fuso hili ninaloliegemea nikiandika ndilo hilo la pili.

Nilichojifunza: ukianza kazi ukubwani, usiogope kukaripiwa, ogopa kupewa kiti. Na wewe kijana, mtu mzima akija chini yako, mheshimu kwa kumwambia usoni. Ukienda kumwambia bosi peke yake, hapo umemvunjia heshima hata kama ulimwamkia vizuri asubuhi.

Waliowahi kuanza upya na mvi kichwani, nani aliwakaripia mkapona? Na mnaofundisha watu wa umri wa baba zenu, mnaanzaje? Semeni tu, muda ninao. Wapakiaji bado wanakula.