Wezi walimaliza mtaa mzima Tabora, nyumba yetu tu hawakuigusa

Wakuu, heshima kwenu. Wajukuu, marahaba.

Nachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya yalinipata mwenyewe, sikuhadithiwa.

Ni miaka ya mwishomwisho ya Mwingereza. Nilikuwa bi harusi mpya kutoka Ipole, bwana wangu Yohana anafanya kazi reli. Mara nyingi alikuwa Kaliua, mimi nabaki Tabora mjini peke yangu.

Tulipanga Gongoni, nyumba ya kale ya enzi za misafara. Kuta nene, giza hata mchana, na juu dari ya magogo ambako matajiri wa zamani walihifadhi pembe za ndovu. (Pembe hizo zilikwenda pwani mabegani mwa watu, vijana. Msisahau.)

Basi wizi ukaanza.

Mwanzo kuku. Kisha baiskeli ya mwalimu wa dini. Kisha wakawa wanaingia ndani kabisa, shuka zinaondoka watu wamezilalia. Mbwa kimya. Watu wakasema ni dawa, wanarusha udongo wa kaburini juu ya paa.

Kila nyumba iliguswa. Kwetu hata kijiko hakikupotea.

Mnajua kilichofuata. Nikifika kisimani, maongezi yanakatika.

Jirani yangu Mama Hadija, aliyeibiwa cherehani, akanijia.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nisikilize. Wanaume wanasema mwizi ni Yohana. Akirudi Ijumaa watamngoja stesheni."

Nililia. Nilijua wangemuua.

Alhamisi mchana nilikuwa namenya mihogo, naimba wimbo wa kanisani wa Kinyamwezi kujipa moyo. Ubeti mmoja ukanitoka. Nikanyamaza, nautafuta.

Juu yangu, mtu akaudokeza. Polepole, kwa sauti ya puani tu, mpaka mwisho.

Wakuu, nyumbani nilikuwa peke yangu.

Lakini sikupiga kelele. Nikajifanya nimekumbuka, nikaudaka wimbo, nikatoka nao hivyo hivyo na beseni langu mpaka kwa Mama Hadija. Nikamnong'oneza kwamba kuna mtu. Nikaonyesha dari yetu kwa kidole.

Wanaume walimteremsha. Cherehani ilikuwa huko, shuka, baiskeli imefunguliwa vipandevipande. Mtu mwenyewe mwembamba, sura ngeni, anafumba macho kwa jua. Alitoboa tundu nyuma ya nyumba, akaishi juu ya vichwa vyetu tangu masika. Kwetu hakuiba kwa sababu ndipo alipolala.

Askari walipompitisha mbele yangu akasimama. Akasema kwa upole, kama ndugu:

"Mama, uzae salama. Akiwa wa kike mpe jina la bibi yako, kama ulivyomwahidi Mungu."

Mama Hadija akanigeukia. "Una mimba?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Hata Yohana. Nilikuwa nimesali tu, kwa sauti, nikidhani niko peke yangu.

Yohana alirudi salama, tukahamia Kipalapala wiki ile ile.

Mtoto alikuwa wa kike. Jina la bibi sikumpa.

Nilichojifunza: jirani zako wote wakiibiwa ukabaki wewe, usikimbilie kushukuru, kagua kwanza nyumba yako. Na maneno ya kisimani nusura yanifanye mjane, kwa hiyo mnaopenda kunyoosha vidole, taratibu.

Kuna mwingine hapa aliyewahi kuishi na mtu bila kujua? Semeni. Nasoma polepole, lakini nasoma zote.