Plug-in ya kinanda ilivyoniumbua mbele ya kanisa zima Masasi

Wakuu, poleni na majukumu. Hii haijapoa hata wiki, na chumvi sijaongeza. Ningependa kupunguza, ila mashahidi ni wengi mno.

Mimi ni mtu wa ndani. Nipo Mkunya, Newala, na form four yangu na laptop yangu, naiandikia kwaya yetu nota kwenye software. Mke wangu anasema mikorosho yetu inanijua kwa picha tu.

Tukaalikwa kuimba Masasi. Nikadownload plug-in, yaani kiprogramu cha kuongezea kwenye software, yenye sauti ya kinanda kikubwa cha kanisani, tamu balaa. Nikainstall, nikafunga laptop.

Mazoezi tulifanya na sauti ya zamani, ile kama mlio wa simu ya kitochi. Nikawa nawatuliza, "Vumilieni, Masasi mtasikia kitu."

Kufika, mpiga kinanda wa pale akajitolea kutupigia. Nikamjibu, "Pumzika tu kaka, leo tumekuja kamili."

Hapo pananiuma mpaka sasa.

Nachomeka waya wa spika, natafuta kinanda changu kwenye software. Hakipo! Kumbe kuinstall ni jambo moja, kuienable kwenye settings ni jingine. Kwaya imeshasimama. Nikatiki. Ikadai restart. Ikaanza kuscan plug-in zote, taratibu kama foleni ya maji Kitangari.

Mama Tabitha, mwalimu wetu wa kwaya, akaninong'oneza, "Baba Upendo, vipi?"

"Inasoma, mama."

"Inasoma shule gani? Watu wanatungoja!"

Akageuka, akawapa sauti kwa mdomo, do-mi-so, wakaanza. Waliimba vizuri kuliko mazoezi yote.

Ingeishia hapo ningepata nafuu. Ubeti wa pili, scan ikaisha. Kwa furaha nikabonyeza play nijaribu, nimesahau waya wa spika bado umechomekwa. Kinanda kikanguruma ubeti wa kwanza, key nyingine kabisa. Besi wakanifuata mimi, wengine wakabaki na Mama Tabitha. Wimbo ukafia pale pale.

Nje nikampa Mama Tabitha shikamoo ya pili siku hiyo, nikaomba msamaha.

"Marahaba. Safari ijayo njoo na koo tu, baba."

Funzo: ukishainstall, ingia settings uienable, restart, sikiliza ukiwa nyumbani. Kanisani si pa kujaribia.

Jumamosi kuna mazoezi. Mke kashanipigia pasi shati, mimi nimesema mgongo unauma. Mliowahi kuharibu wimbo wa watu, mlirudije kwaya?