Niliandika Kasoro za Chumba, Dipoziti Yetu Ikaliwa

Jumapili, 14 Agosti 1994

Mhariri na wasomaji wa ukurasa huu, nimeahidi mbele ya Mungu kwamba nitaeleza yote, hata yanayonitia aibu. Jina langu naomba lifichwe. Ya wengine nimeyabadilisha.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu. Tangu mwaka jana naishi mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, na dada yangu Mwende na mwenzake wa kiwandani, Rukia. Wao walikuwa wamekodi chumba hiki zamani kabla sijaja, wakachanga dipoziti nusu kwa nusu. Mwezi uliopita kiwanda kiliwaachisha kazi, tukaamua kuhama. Nusu ya Rukia ilikuwa nauli ya kumrudisha Mombasa kwa mtoto wake. Nusu ya Mwende ilikuwa karo yangu ya muhula ujao.

Jumanne mwenye nyumba alikuja kukagua. Wao walikuwa wametoka kutafuta vibarua, mimi nasugua sakafu. Mama huyo alinisifu sana.

"Wewe mwanangu ndiwe msomi hapa. Hebu niandikie kila kilichoharibika, twende na ukweli."

Nilifurahi kuombwa. Niliandika kwa mwandiko wangu wa mtihani: kioo cha dirisha kimepasuka, kitasa cha mlango hakifungi, ukuta una moshi wa stovu. Kisha akanitajia mstari wa mwisho: "Haya yote tumeyaharibu sisi wapangaji." Nikauandika, nikatia sahihi. Sikuwa najua kwamba kioo na kitasa walivikuta hivyo hivyo. Wala sikuuliza.

Walipokwenda kudai, aliwaonyesha karatasi yangu. Hakuwapa hata ndururu.

Rukia alirudi akinipigia makofi. "Hongera, profesa! Sasa mwanangu nimwambieje? Nimlishe huo mwandiko?" Majirani waliokuwa wakifua walicheka. Tangu siku hiyo akipika huniruka wakati wa kupakua, husema wasomi hushiba vitabu.

Mwende hakupiga kelele. Alianua sare yangu ikiwa bado inachuruzika maji, akaiuza kwa jirani mwenye binti wa kidato cha kwanza. Aliporudi alisema, "Mwenye nyumba anatafuta msichana wa kazi. Amesema una adabu. Mwisho wa mwezi utahamia kwake."

"Na shule, dada?"

"Shule ndiyo imetufikisha hapa."

Jana nilikutana na yule mama bombani. Alinishika kidevu kama mtoto wake. "Utalala jikoni, kuna joto. Na wapangaji wakihama, utakuwa unaniandikia zile karatasi. Unaandika vizuri, mwanangu."

Nimefikiria kwenda kwa chifu, nimweleze kwamba niliandika nisichokijua. Rukia akisimama nami aseme walivyokikuta chumba, labda wote wawili watarudishiwa chao, nami nirudi darasani. Lakini nilipomwomba alinijibu, "Nenda na kalamu yako." Mwende hataki hata kusikia. Itabidi niende peke yangu, na karatasi yenye sahihi yangu iko mkononi mwa yule mama.

Nishaurini kwa posta ya kwanza, kabla mwezi haujaisha: msichana akikana maneno aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe, chifu atamwamini?