Aliyeitika kwa Jina la Makame

Jumanne, tarehe 11 Novemba. Mvua imeanza kabla ya alfajiri, nyembamba, haina upepo, na mpaka sasa haijakata. Nguo za juzi bado mbichi. Ukuta wa chumba cha uani umetoka madoa kama ramani.

Jana alinijia tena Bi Rukia, binti wa marehemu Mzee Msellem. Anakusanya kumbukumbu za baba yake kwa sisi tuliokulia mtaa ule wa Mji Mkongwe, zije zisomwe siku ya hitma. "Andika lolote, mwanangu," kasema, "hata mstari mmoja." Mimi nimeishia darasa la saba, na kila nikishika kalamu nahisi nimevaa kanzu ya mwenzangu. Lakini kuna jambo langu na mzee huyu sijalisema miaka thelathini na kitu, na nisipoliandika leo sitaliandika.

Enzi zile, wenzangu mnajua. Tukitoka chuo cha Kurani baada ya alasiri, juzuu kwapani, vidole bado vinanuka wino, tunakimbilia urojo wa kwenye kona, ule uliokuwa mkali mpaka machozi, halafu nage nyuma ya msikiti mpaka mpira wa soksi uingie kwa mtu. Ukiitwa na mkubwa unasema "Naam" na miguu ishakwenda. Mwanangu Nassor ana miaka kumi na minne. Mwite mara tatu, atatoa kidude kimoja sikioni aseme, "Nini?" Neno naam sijalisikia kinywani mwake tangu azaliwe. Sisemi sisi tulikuwa bora. Tulikuwa tunaogopa, basi.

Na tulifundishwa na jengine. Mama akisema, "Ukiitwa usimuone anayekuita, nyamaza. Usiitike mpaka umuone uso."

Mzee Msellem alikuwa mwanamaji ujanani mwake. Alipoacha jeshi la majini alifungua chumba cha chini, chenye dirisha la nondo, akaweka mashine ya stenseli ya kuzungusha kwa mkono, akawa anatoa gazeti. Karatasi moja, mbele na nyuma, kila Ijumaa. Aliliita Zamu. Lilikuwa na bei ya samaki, harusi, mazishi, mbuzi waliopotea. Sakafu aliiita sitaha, na alitembea kwa kutanua miguu kana kwamba sitaha inayumba. Sikuwahi kumuona akicheka, lakini haki yake niseme: hakuwahi kuandika jambo alilolisikia kwa mtu mmoja. Alikuwa akiuliza, "Nani mwengine?" Asipopatikana wa pili, haliandikwi, hata uape. Siku hizi mtu anazikwa kwenye simu na mwenyewe yuko sokoni ananunua mchicha.

Kabla ya kuzungusha mashine alikuwa na desturi moja aliyotoka nayo melini. Anasimama wima, anafungua daftari, anaita majina ya wenzake saba ambao chombo chao hakikurudi. Anaita jina, anangoja kiasi cha pumzi moja, anatia alama ya msalaba mdogo. Sisi watoto tukikuta anaita tunanyamaza wote, hata wanaopigana. Jina la tano lilikuwa Makame. Huyo alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Mwanaisha, muuza mikate ya kumimina wa nyumba ya pili. Kila Ijumaa Bi Mwanaisha alikuwa akiacha kupika, anakaa barazani, anasikiliza jina la mwanawe likiitwa.

Siku hiyo ilikuwa mvua kama ya leo. Mchana, lakini chumba kimekuwa giza hadi mzee kawasha taa. Mimi na Mwatima, binti wa ami yangu, tulikuwa tumejibanza nje ya lile dirisha. Mzee akaita wa kwanza, wa pili. Nakumbuka niliona huruma. Majina yale yalikuwa yananing'inia hivi, hayana mtu.

"Makame!"

"Naam."

Mzee hakugeuka. Alibana visigino pamoja, mkono wa kalamu ukabaki juu. Wino ulidondoka ukutani. Sijui kwa nini ukutani na si chini, lakini ndivyo ninavyokumbuka. Halafu akasema, polepole, "Nimesikia mimi. Nani mwengine?"

Mwatima akasema, "Mie, babu."

Ijumaa ile Zamu ilikuwa na mstari mmoja juu kabisa: Makame ameitika. Mashahidi wawili.

Mtaa ukasema mzee karukwa na akili. Wengine wakasema anamchezea mama wa watu. Wakaacha kununua, na baada ya miezi michache mashine ikanyamaza. Bi Mwanaisha alisomewa ule mstari, akaukunja akautia kifuani, na tangu siku hiyo mpaka anakufa hakutia komeo mlangoni. Na mimi nilinyamaza. Maana nilijua aliyeitika ni mimi. Mtoto wa miaka minane, na huruma yake ya kijinga. Mzee amekufa akiitwa muongo kwa ajili yangu.

Hivyo ndivyo nilivyotaka kumuandikia Bi Rukia. Lakini kwa kanuni ya mzee, neno langu peke yangu halitoshi. Leo saa nane nimempigia Mwatima, yuko Fumba kwenye nyumba mpya. Nimemuungamia yote. Kwanza alicheka.

"Wewe? Wewe ulikuwa na kashata mdomo tele, mashavu kama chura! Ungeitika kwa pua?"

"Mwatima, nakumbuka kabisa."

"Unakumbuka nini? Ilikuwa sauti ya mwanamme, shoga. Tena ilitoka ndani, nyuma ya mashine. Mie miaka yote nikidhani unajua, hutaki tu kulisema."

Mvua ilikuwa inasikika kwenye simu, yake na yangu. Nimebaki na neno langu na neno lake, na yote mawili ya mtu mmoja mmoja. Nimeyaandika yote, sikupunguza, nitampa Bi Rukia aamue. Zamani tuliogopa kuitika, na milango ilikuwa wazi. Siku hizi tuna makufuli matatu matatu, na hakuna anayeita.

Nilidhani nimemaliza kuandika. Tumekaa mkekani baada ya magharibi, mimi, mume wangu na Nassor, taa imewaka, sahani katikati yetu. Nassor alikuwa anachambua mwiba wa samaki. Ghafla akainua kichwa kuelekea mlangoni, vidude vyake viko juu ya kabati, akasema taratibu, kama mtoto aliyefunzwa:

"Naam."

Nikamuuliza nani kamwita. Akasema, "Kuna babu kaita. Si nyinyi mmesikia?"

Mimi sikusikia kitu. Nikamgeukia baba yake nikiomba acheke. Hakucheka. Akasema, "Nimesikia. Nilidhani ni jirani."

Mashahidi wawili. Naandika.

Tumekula muhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Komeo sijatia bado.